TAHARIRI YA VIJANA: Kamba mbili hazijazi kisima, lakini Eldas inazihitaji

KATIKA Kaunti ya Wajir majina mengi ya miji huanza na "El": Eldas, Elnur, Elben. Ukivuka hadi Mandera utakuta Elwak. Kwa Kisomali neno hilo ni kisima. Watu walitulia pale palipokuwa na maji, na mji ukachukua jina la kisima chake.

Leo kuna kisima kingine ambacho vijana wa Eldas wanakitafuta, nacho ni mtandao. Na kama ilivyo kwa maji, kuuliza "upo au haupo?" hakutoshi. Uliza pia kamba ni ngapi, nani anajua kuzifunga, na moja ikikatika ndoo itaendelea kupanda au mtakaa chini kungoja?

Ndiyo maana leo tunataka tuongee nawe kuhusu jambo ambalo huwa linaachiwa mafundi wa Nairobi: kuunganisha poti za swichi, mbili au zaidi, zifanye kazi kama njia moja. Usiogope jina. Ukimaliza kusoma utaelewa kifaa hiki kuliko baadhi ya watu wanaosaini zabuni za kukinunua. Na kwa kijana wa Eldas, kuelewa huko kuna faida ya moja kwa moja.

Tuanze na kifaa chenyewe

Swichi ni kile kisanduku chenye matundu mengi ya waya, kinachokaa kwenye kabati au ukutani, taa zake ndogo zikipepesa. Kompyuta, seva, kamera na kifaa cha Wi-Fi, vyote huchomekwa humo. Kila tundu ni poti. Poti nyingi za siku hizi hupitisha gigabiti 1 kwa sekunde, yaani megabiti 1,000.

Sasa chukua jengo lenye vyumba viwili, kila chumba na swichi yake. Waya mmoja unatoka swichi ya huku hadi ya kule. Huo ndio daraja. Panya akiutafuna, jua likiupasua ganda, au mtu akiukanyaga ukachomoka, chumba cha pili kinabaki kisiwa. Kompyuta zote ni nzima, stima ipo, lakini hakuna kinachosonga.

Utasema: si tuchomeke tu waya wa pili? Subiri kidogo. Ukichomeka waya wa pili kati ya swichi mbili za bei rahisi, zile zisizo na mipangilio yoyote, umetengeneza mduara. Ujumbe unaotangazwa kwa kompyuta zote utazunguka humo bila kukoma, ukijizidisha kila mzunguko, hadi taa zote ziwake kama za disko na mtandao wote ulale. Mafundi wengi wamewahi kuangusha ofisi nzima kwa waya mmoja uliochomekwa kwa nia njema.

Swichi zenye akili zaidi hujikinga. Zikiona mduara, huufunga waya mmoja na kutumia mwingine. Hapo mko salama, lakini mmelipia nyaya mbili na mnatumia mmoja. Na siku ule unaotumika ukikatika, swichi za mtindo wa zamani huchukua sekunde 30 hadi 50 kabla ya kuufungua ule wa akiba.

Kuunganisha poti ni njia bora kuliko zote mbili. Unaiambia swichi ya huku na ya kule: poti hizi mbili zihesabuni kuwa moja. Mduara haupo tena, kwa sababu swichi sasa inaona njia moja nene badala ya mbili nyembamba. Nyaya zote zinabeba mzigo. Mmoja ukikatika, mzigo wake unahamia kwa mwenzake, na mara nyingi anayetumia kompyuta hata hajui kama kuna kitu kimetokea.

Wazo hili si geni. Miaka ya 1990 kila kampuni ilikuwa na njia yake ya kulifanya, na vifaa vya kampuni hii havikuelewana na vya kampuni ile. Mwaka 2000 taasisi ya wahandisi ya IEEE ilipitisha kanuni iliyoitwa 802.3ad, ili swichi za kampuni tofauti ziongee lugha moja. Mwaka 2008 kanuni hiyo ilihamishiwa jina jipya, 802.1AX. Lugha yenyewe inajulikana kwa herufi nne tu: LACP.

Salamu lazima mmoja aianze

LACP ni salamu. Swichi mbili zilizounganishwa hivi hujuliana hali kupitia kila waya, ama kila sekunde 1 ama kila sekunde 30, kulingana na ulivyopanga. Salamu tatu mfululizo zikipotea, swichi inajua waya huo una shida hata kama taa yake bado inawaka, na inauondoa kwenye kundi.

Hapa kuna kosa ambalo wanafunzi wengi hulifanya. Kila upande unaweza kupangwa uanze salamu, au ungoje kusalimiwa. Ukipanga pande zote mbili zingoje, kundi halitaundwa hata kidogo. Kwenu mnajua vizuri: salamu ni ndefu na ina heshima zake, ila lazima mmoja aianze. Weka angalau upande mmoja uanze.

Masharti mengine ni machache. Poti za kundi moja ziwe na kasi sawa. Huwezi kumfunga ngamia na mbuzi kamba moja ukatarajia waende hatua sawa, na vivyo hivyo poti ya megabiti 100 haiingii kundi moja na ya megabiti 1,000. Nyaya zote zitoke kifaa kimoja na kuishia kifaa kimoja, isipokuwa ukiwa na swichi ghali zinazoweza kujifanya moja. Na swichi zenyewe ziwe za aina inayopangika. Zile za bei ya chini kabisa hazina lugha hii, ziko kimya kabisa.

Pale ambapo watu hudanganywa

Sasa tufike kwenye kiini, kwa sababu hapa ndipo pesa za umma hupotelea na vijana huuziwa maneno matupu.

Kwanza, kuunganisha poti mbili za gigabiti 1 hakumpi mtu mmoja gigabiti 2. Swichi huchagua waya wa kutumia kwa kuangalia nani anaongea na nani, na mazungumzo mamoja hubaki kwenye waya mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, ili vipande vya data visifike vikiwa vimepishana. Ndoo moja hupanda kwa kamba moja. Faida ya kamba mbili huonekana mkiwa wengi kisimani.

Piga hesabu. Maabara ina kompyuta 20 na seva moja, na mnataka kuziwekea zote programu upya, kila moja gigabaiti 20. Hiyo ni gigabaiti 400, sawa na gigabiti 3,200. Kupitia waya mmoja wa gigabiti 1, hata mambo yote yakienda sawa, ni kama dakika 53. Kupitia nyaya mbili, mzigo ukigawanyika vizuri, ni kama dakika 27. Lakini haugawanyiki sawasawa kila mara. Huenda kompyuta 12 zikaangukia waya mmoja na 8 mwingine, na hizo 12 zitachelewa kumaliza.

Pili, na hili lishike sana: kuunganisha poti hakuongezi intaneti hata tone. Mwaka 2017 Mamlaka ya Mawasiliano, kupitia Hazina ya Huduma kwa Wote, ilianzisha mpango wa kuunganisha shule 896 za sekondari za umma nchini, kila moja kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde. Chukua shule ya namna hiyo uiwekee poti mbili zilizounganishwa. Ndani una njia ya megabiti 2,000. Nje una mlango wa megabiti 5. Njia ya ndani ni kubwa mara 400 kuliko mlango. Ukiunganisha poti nne, intaneti itabaki ile ile, itazunguka tu kwenye skrini kama jana. Kamba mbili hazijazi kisima.

Kwa hiyo mtu akija na mradi wa "kuongeza kasi ya intaneti" na kwenye orodha yake kuna swichi mpya tu, muulize swali moja: msongamano uko wapi, ndani au mlangoni? Kama hawezi kujibu, hajapima.

Tatu, nyaya mbili kwenye bomba moja au mtaro mmoja ni waya mmoja uliovaa nguo mbili. Jembe likipita linakata zote. Pitisha mmoja darini na mwingine ukutani upande wa pili, ndipo useme una njia mbili.

Kwa nini tunaiongelea Eldas

Serikali ya kitaifa ilitangaza mpango wa kuweka kilomita 100,000 za faiba, vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma, na vituo 1,450 vya kidijitali, yaani kimoja kwa kila wadi nchini. Eneobunge la Eldas lina wadi nne: Eldas, Della, Lakoley Kusini/Basir na Elnur/Tula Tula. Kwa hesabu hiyo, vituo vinne ni haki yenu.

Kuna na jambo la pili. Septemba 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa barabara kuu ya Isiolo hadi Mandera kupitia Wajir, na ndani ya mradi huo imo faiba itakayofuata barabara hiyo. Kwa kaskazini mashariki hili ni jambo kubwa. Lakini tazama ramani. Barabara hiyo ikitoka mji wa Wajir inaelekea kaskazini mashariki, na Eldas iko upande wa magharibi wake. Kituo cha Eldas kitahitaji tawi, na tawi lenye njia moja tu ni kamba moja ndefu inayopita jangwani.

Ongeza stima. Miji ya Wajir imekuwa ikitegemea vituo vidogo vya umeme vilivyo nje ya gridi ya taifa, vya jenereta na sola. Ongeza usalama. Kwa miaka kadhaa milingoti ya simu katika Wajir, Mandera na Garissa imeshambuliwa na Al-Shabaab, na vijiji vizima vikakatika kwa siku nyingi. Halafu ongeza umbali. Nairobi, fundi yuko mtaa wa pili. Eldas, ukimpigia fundi aliye Wajir mjini atakwambia, "Walaal, inshallah kesho," na kesho mvua ikinyesha barabara haipitiki.

Ukiweka hayo yote pamoja utaona kwa nini tunasema kuwa, kwa Eldas, faida kubwa ya kuunganisha poti ni kutokatika zaidi ya kasi. Kompyuta 20 zikitazama masomo ya video, kila moja ikivuta megabiti 5, jumla ni megabiti 100 tu. Waya mmoja wa gigabiti 1 unaubeba mzigo huo huku ukipiga miluzi. Lakini siku waya huo ukifa na fundi hayupo, kasi yake yote ni sifuri. Ule wa pili ndio unaokuvusha hadi kesho ya fundi.

Na kukatika kuna gharama. Ombi la nafasi ya chuo kupitia KUCCPS lina siku ya mwisho. Ombi la mkopo wa HELB lina siku ya mwisho. Maelfu ya huduma za serikali sasa ziko kwenye eCitizen, na anayetaka cheti cha tabia njema ili apate kazi hana dirisha lingine la kugonga. Kijana anayefanya kazi ya mtandaoni, ya kunakili sauti kuwa maandishi au kupanga data, akichelewa mara mbili hapewi kazi ya tatu. Mteja wake aliye ng'ambo hajali kama ni panya au ni vumbi.

Kuna na kazi nyingi ambazo hata hazihitaji intaneti, ila zinahitaji mtandao wa ndani ulio imara. Mpango wa tabuleti za shule za msingi ulioanza mwaka 2016 haukuleta tabuleti peke yake. Kila shule ilipangiwa pia projekta, seva ya masomo na ruta ya Wi-Fi. Wazo lilikuwa zuri: masomo yakae shuleni, mtoto asisubiri Nairobi. Kituo cha wadi kinaweza kufanya vivyo hivyo, kikawa na seva yenye vitabu, video za masomo, Wikipedia nzima isiyohitaji intaneti, na mitihani ya miaka iliyopita. Siku mlango wa nje umefungwa, masomo yanaendelea. Hapo ndipo poti zilizounganishwa kati ya seva na swichi zinapolipa, kwa sababu watu 40 wanachota kwa wakati mmoja kutoka kisima kilicho ndani ya boma.

"Mnaongea swichi, sisi hatuna maji"

Tunajua kuna msomaji atakayesema hivi, na ana haki. Kati ya 2020 na 2023 kaunti za kaskazini zilikosa mvua misimu mitano mfululizo. Mifugo ilikufa kwa wingi na shule zikapoteza wanafunzi. Katika hali kama hiyo, kuongelea poti kunaonekana kama mchezo wa watu walioshiba.

Lakini angalia msaada wenyewe unavyofika siku hizi. Mpango wa fedha za kukabili njaa, HSNP, hulipa familia za Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir moja kwa moja kupitia akaunti. Bima ya mifugo ya serikali ilianzia Turkana na Wajir mwaka 2015, na huamua malipo kwa picha za setilaiti zinazoonyesha malisho yamekauka kiasi gani. Orodha, malalamiko na malipo, yote yanapita kwenye mtandao. Mtandao wa ofisi ndogo ukilala, mama aliyetembea tangu alfajiri anaambiwa "system iko chini, rudi kesho." Maji na mtandao si wapinzani. Siku hizi msaada wa ukame wenyewe hupita kwenye waya.

Kuna pingamizi lingine, la watu wa teknolojia wenyewe. Watasema siku hizi kuna intaneti ya setilaiti, Starlink ilianza kuuzwa Kenya mwaka 2023, kwa hiyo weka sahani juu ya paa umalize. Setilaiti ni nzuri, na kwa Eldas inaweza kuwa kisima cha pili cha kweli. Ila isichanganywe na jambo hili. Faiba ya kampuni moja na setilaiti ya kampuni nyingine hazifungwi pamoja kwa LACP, kwa sababu haziishii kwenye kifaa kimoja. Hizo hupangwa kwenye ruta: ama moja ingoje mwenzake aanguke, ama watu wagawanywe, wengine wapite huku na wengine kule. Na ukishakuwa na sahani hiyo, bado intaneti itashuka kutoka paani ipite kwenye swichi na nyaya za ndani. Hapo tena mtarudi kwenye swali letu la kamba ni ngapi.

Kwamba njia mbili ni bora kuliko moja, Afrika Mashariki ilijifunza kwa ukubwa mnamo Mei 12, 2024. Siku hiyo nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi intaneti ikasuasua. Kenya haikuzimika kabisa kwa kuwa ina nyaya nyingine zinazotua Mombasa, kama TEAMS. Sheria inayolinda nchi ndiyo ile ile inayolinda chumba chenye kompyuta 20: usitegemee njia moja, na njia zako zisipite mahali pamoja.

Tunachodai

Kwanza, zabuni ya kila kituo cha kidijitali Wajir iseme wazi: swichi zinazopangika, zinazoelewa LACP, nyaya mbili kati ya kila swichi na mwenzake, na kati ya swichi na seva, nyaya hizo zipite njia tofauti ndani ya jengo. Bei ya waya wa pili ni kidogo sana ukilinganisha na bei ya jengo, sola na kompyuta. Ni dhambi kuujenga ukumbi halafu ukabania mita hamsini za waya.

Pili, swichi zote mbili zisichukue stima kutoka soketi moja. Poti zilizounganishwa hazisaidii kitu kama betri moja ikiisha vifaa vyote vinazima pamoja.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kila kituo kiwe na vijana wawili wa wadi hiyo, wa kike na wa kiume, waliofunzwa kupanga na kukarabati vifaa hivyo. Wapewe nywila za usimamizi kwa maandishi, na nakala ya mipangilio ihifadhiwe hapo hapo kituoni. Tumezoea mkandarasi anakuja, anafunga vifaa, anapiga picha na waheshimiwa, kisha anaondoka na nywila mfukoni. Baada ya miezi sita poti imezimika na hakuna aliye na ruhusa ya kuiwasha. Hicho ni kisima kilichofunikwa kwa kufuli na ufunguo uko Nairobi.

Nne, kabla ya kununua chochote cha kuongeza kasi, vipimo vifanywe na kubandikwa ukutani: kasi ya ndani, kasi ya nje, saa ngapi mtandao ulikatika mwezi uliopita. Mkiona namba, hakuna atakayewauzia kamba kama maji.

Nawe ufanye nini?

Usingoje mradi ndipo ujifunze. Kuna programu ya bure ya Cisco iitwayo Packet Tracer, unayoipata ukijisajili kwenye masomo yao ya mtandaoni. Ndani yake unachora swichi, unavuta nyaya, unaunda kundi la poti, kisha unakata waya mmoja kwa makusudi uone kinachotokea. Ukishaipakua, mazoezi mengi unaweza kuyafanya bila bando.

Ukiwa na kompyuta kuukuu mbili zenye Linux, umeshapata maabara. Mfumo huo una uwezo wa kuunganisha kadi za mtandao, na njia yake yenye namba 4 ndiyo hii hii ya 802.3ad. Ukitaka kujaribu LACP bila swichi, weka kadi mbili kwenye kila kompyuta, uziunganishe moja kwa moja, kisha usome ripoti ya kundi uone kama pande zote mbili zimesalimiana. Jaribu pia kupanga vibaya. Weka pande zote mbili zingoje salamu. Weka kasi tofauti. Kosa ulilolifanya mezani hutalifanya siku ofisi ya chifu inakungoja.

Jizoeze mambo matatu kabla ya kujiita fundi. Uweze kueleza kwa mtu asiyejua kompyuta kwa nini poti mbili hazimpi intaneti mara mbili. Uweze kuchomoa waya mmoja mbele ya watu huku video inaendelea kucheza. Na uweze kuandika kwenye karatasi, kwa lugha ya kueleweka, poti gani imeungana na ipi, ili atakayekuja baada yako asianze upya. Hilo la tatu ndilo wengi hawaliwezi, na ndilo linaloonyesha fundi wa kweli.

Dada zetu, hili linawahusu zaidi ya mnavyoambiwa. Kazi hii haina uzito wa kubeba wala haikulazimishi kuhamia mji mwingine. Swichi iko kwenu, tatizo liko kwenu, na msaada ukitoka kwenu haulali njiani.

Mwisho, kuna mahali pa kulipeleka neno hili. Kila kaunti inatakiwa kisheria kuwasilisha Mpango wa Maendeleo wa Mwaka katika bunge lake kufikia Septemba 1, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Mara nyingi mikutano hiyo hujaa wazee, na vijana husimama nje chini ya mti wakilalamikia net. Mwaka huu ingieni ndani. Salimieni wazee kwanza kama ilivyo desturi, kisha mmoja wenu asimame aulize maswali manne na asikae chini hadi ajibiwe: Kituo cha wadi yetu kitakuwa na nyaya ngapi? Zitapita wapi? Siku moja ikikatika, nini kitatokea? Na nywila atakuwa nayo nani?